Ukingo na Msingi Kwanza, Kabro Baadaye

Katika somo hili tutaangalia kazi ambayo vikundi vingi vinaifanya au vinapanga kuifanya: kutandika kabro kwenye njia ya gari, iwe ya kuingilia zahanati, ukumbi, shule ya chekechea au nyumba. Hatutasema mengi juu ya kabro zenyewe. Tutasema juu ya vitu viwili ambavyo vikishafunikwa hakuna anayevikumbuka tena: msingi ulio chini na ukingo ulio kando.

Pesa za harambee hupenda kwenda mahali zinapoonekana. Mtu akitoa mchango wake anataka kuona kabro. Hakuna anayekuja kupigwa picha na lundo la moram. Basi kamati inanunua kabro nzuri, halafu inabana pesa kwenye kuchimba na kushindilia. Kazi ikiisha inapendeza kweli. Mvua ndefu ikija, magurudumu yanachora mifereji miwili, maji yanatuama, na akina mama waliochanga wanaanza kuulizana pesa zao zilienda wapi. Kabro hazikuwa na makosa yoyote. Makosa yalikuwa chini yake.

KABRO INABEBAJE GARI?

Kabro moja peke yake haibebi gari. Inabanwa na wenzake pande zote, na mchanga ulio katikati yao unazifanya zishikane. Uzito unashuka kwenye mchanga, unaingia kwenye msingi, na msingi unausambaza juu ya udongo. Ukingo nao unazuia kabro zisisukumane kwenda nje. Ukingo ukisogea hata kidogo, nafasi zinafunguka, maji yanaingia, mchanga unabebwa, na kabro zinaanza kucheza. Ndiyo maana tunasema ukingo si pambo.

MFANO WETU

Tuchukue njia ya urefu wa mita 20 na upana wa mita 3, yenye kupitisha magari madogo, juu ya udongo mgumu. Eneo ni mita za mraba 60. Kabro za sentimita 20 kwa 10 huingia 50 katika kila mita ya mraba, kwa hiyo tunahitaji 3,000, na 150 zaidi kwa zitakazovunjika au kukatwa. Ukingo unazunguka pande zote nne: mita 46. Kwa msingi, pamoja na ule wa chini ya ukingo, tunahitaji karibu mita za ujazo 10 na nusu zikishashindiliwa. Moram hupungua ikishindiliwa, kwa hiyo agizeni kama 14.

HATUA YA KWANZA: KUPIMA

Pigeni mambo za mbao nje ya njia na mfunge uzi mahali ambapo uso wa kabro utakuwa kazi ikiisha. Kona ipimeni hivi: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na katikati ya alama hizo mbili iwe mita 5 kamili. Ikiwa si 5, kona imepinda.

Njia lazima iinamie upande mmoja ili maji yatoke. Sentimita 2 na nusu kwa kila mita zinatosha. Katika mfano wetu, upande wa chini utakuwa chini kwa sentimita 7 na nusu. Maji yasielekee kwenye ukuta wa nyumba, wala yasimwagikie shamba la jirani. Huko ndiko kesi za kwa chifu zinakoanzia.

Sasa chukueni fimbo iliyonyooka. Kutoka ncha ya juu, wekeni alama kwenye sentimita 6, 10, 25 na 35. Hiyo fimbo ndiyo mkaguzi wenu. Tutaitumia mpaka mwisho.

HATUA YA PILI: KUCHIMBA

Ulizeni kwanza kama mabomba ya maji au ya choo yamepita hapo. Kisha chimbeni mpaka sentimita 25 chini ya uzi, na mpanue sentimita 20 kila upande ili fundi wa ukingo apate nafasi. Mahali ukingo utakapokaa, chimbeni mfereji wa upana wa sentimita 30 mpaka alama ya 35. Ondoeni mizizi na udongo wote laini, kisha mshindilie hapo chini.

Wenzetu wanaokaa kwenye udongo mweusi, kama ule wa Mwea, nyanda za Kano au Athi River, wawe waangalifu. Udongo huo huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na msingi wa sentimita 15 hautoshi. Lazima kuchimba zaidi na kuleta moram nyingi; hapo tafuteni ushauri wa mhandisi kabla ya kununua chochote. Vivyo hivyo kama lori litapita: kabro ziwe za unene wa sentimita 8, na msingi uwe mnene zaidi.

HATUA YA TATU: UKINGO

Jazeni mfereji kwa moram mpaka alama ya 25 na mshindilie. Juu yake wekeni konkriti ya sentimita 10: karai moja ya simiti, tatu za mchanga, sita za kokoto. Konkriti ikiwa bado mbichi, kalisheni mawe ya ukingo yenye kimo cha sentimita 15, mkifuata uzi na pima maji. Upande wa chini, mawe yawe chini ya uzi kwa nusu sentimita ili yasizuie maji.

Halafu inakuja sehemu ambayo mafundi wengi huiruka. Kwa upande wa nje, tieni konkriti iliyoinama ambayo inaegemea jiwe mpaka zaidi ya nusu ya kimo chake. Huo ndio mgongo wa ukingo. Bila mgongo, gari likikanyaga kando, jiwe linaanguka nje. Funikeni kwa magunia mabichi, mmwagie maji kila siku, na msubiri siku 7.

Wanaochanganya simiti wavae glavu na gambuti, kwa sababu simiti mbichi huunguza ngozi.

HATUA YA NNE: MSINGI

Moram, au mawe yaliyosagwa, hayamwagwi yote kwa pamoja. Wekeni tabaka mbili, kila moja iwe sentimita 7 na nusu baada ya kushindiliwa. Ukimwaga zote mara moja, mashine inakaza juu tu, chini panabaki laini.

Maji pia yana kipimo. Fumbata moram mkononi: ikishikana bila kudondosha maji, iko sawa. Ikimwagika kama vumbi, ongeza maji. Ikivuja, ngoja ikauke. Kodini mashine ya kushindilia, na karibu na ukingo mtumie kishindilio cha mkono. Ule mwinamo wa maji ufanywe hapa kwenye msingi. Usingoje kuurekebisha kwa mchanga, kwa sababu mahali penye mchanga mwingi patadidimia.

HATUA YA TANO: MCHANGA

Tandazeni mchanga safi wa mto wenye chembe kubwa, unene wa sentimita 5, bila simiti, na msiukanyage. Kabro zikipangwa zitasimama juu ya uzi kwa sentimita moja. Msishtuke, mashine itazishusha. Malizieni kwa kufagilia mchanga mkavu laini kwenye nafasi zote.

KAMATI IFANYE NINI?

Mkubaliane na fundi tangu mwanzo kwamba malipo ni kwa hatua, na kwamba hakuna kinachofunikwa kabla ya wanakamati watatu kukipima. Mara ya kwanza, mkague shimo: fimbo ifike 25. Mara ya pili, mkague ukingo na mgongo wake. Mara ya tatu, mkague msingi: fimbo iguse kwenye 10 kila mahali. Kisha piteni juu yake na pikapu iliyojaa mizigo, polepole. Gurudumu likiacha alama, mshindilie tena. Fundi mzuri hatakasirika. Kazi yake inapata mashahidi.

Na pesa zikiwa kidogo, msipunguze unene. Punguzeni urefu. Mita 10 zilizofanywa sawasawa mwaka huu zitangoja nyingine 10 mwaka ujao. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika mtaa wetu, kuna njia ya kabro iliyodidimia? Twendeni tukaitazame: je, ukingo wake una mgongo?
2. Maji ya mvua ya kiwanja chetu yanaelekea wapi sasa? Tumezungumza na majirani?
3. Ni nani watatu watakaopewa fimbo?