Msaada wa Barabarani kwa Gari Linalovuta Trela

Msaada wa barabarani ni nini

Msaada wa barabarani ni huduma inayolipiwa mapema ili gari likikwama safarini, fundi au gari la kuvuta, lile linaloitwa bredauni, lifike hapo lilipo. Nchini Kenya huduma hii hupatikana kwa njia tatu. Ya kwanza ni uanachama katika chama cha wenye magari kama AA Kenya, ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1919. Ya pili ni nyongeza inayowekwa kwenye bima kamili ya gari. Ya tatu ni mkataba wa moja kwa moja kati ya mwenye gari na kampuni ya uokoaji, njia inayopendwa na wenye malori mengi.

Kwa kawaida huduma hujumuisha kuchajisha betri iliyokufa, kubadilisha gurudumu, kuleta mafuta yakiisha, kufungua mlango ufunguo ukifungiwa ndani, na kulivuta gari hadi gereji. Mikataba mingi huandikwa ikilifikiria gari dogo linalosafiri peke yake. Gari hilo likifungwa trela nyuma, mambo hubadilika: uzito huongezeka, urefu huongezeka, na chombo kinachoweza kuharibika si kimoja tena.

Trela ni chombo cha pekee

Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, husajili trela kando na gari linalolivuta. Ndiyo sababu lori na trela lake hubeba nambari mbili tofauti, na ile ya trela huanza kwa herufi Z. Bima nayo hufuata mkondo huo. Sheria ya bima ya watu wengine, Sura ya 405 ya sheria za Kenya, inataka kila chombo kinachotumika barabarani kiwe na kinga dhidi ya madhara kwa watu wengine. Kinga hiyo huwafidia walioumizwa. Haimtumi fundi barabarani wala haimlipi mwenye bredauni.

Kutokana na utaratibu huo, mkataba wa msaada unaotaja nambari ya pikapu pekee huihudumia pikapu pekee. Tairi la trela likipasuka, mhudumu ana haki ya kukataa kuligusa au kudai malipo ya ziada. Matrela yanayochomelewa na mafundi wa jua kali na kuingizwa barabarani bila kusajiliwa yana shida kubwa zaidi, kwa kuwa hayana nambari ya kuyatambulisha kwenye mkataba wowote.

Utengano huu haupo Kenya tu. Nchini Marekani, vilabu vingi vya chama cha AAA huhudumia matrela na nyumba za magurudumu chini ya daraja maalumu la uanachama, lenye ada yake. Nchini Uingereza, vyama vya uokoaji huweka ukomo wa uzito na urefu wa trela, na linalopita ukomo huo hutozwa zaidi au hukataliwa.

Hali ya Nunguni na milima ya Kilungu

Nunguni ni mji wa sokoni juu ya milima ya Kilungu, Kaunti ya Makueni. Barabara za eneo hili hupanda na kushuka kwa kona kali kati ya mashamba ya matuta. Chini ya milima hiyo hupita barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, kupitia Salama, Sultan Hamud na Emali, ambako malori yenye matrela hupita usiku na mchana. Mteremko wa Salama umekuwa maarufu kwa ajali za malori kwa miaka mingi.

Juu milimani trela huwa la aina nyingine: trekta lililofungwa trela la samadi, mawe au mchanga wa ujenzi, na pikapu inayovuta tangi la maji au jenereta. Vyombo hivi hukwama mbali na lami, penye njia nyembamba ambayo bredauni kubwa haiwezi kugeuka. Kwa hiyo kwa mkazi wa Nunguni swali la mahali lina uzito sawa na swali la gari lenyewe. Baadhi ya mikataba huhudumia barabara za lami peke yake, au umbali fulani kutoka mji ulio na kituo cha kampuni. Bredauni inayotoka Machakos au Nairobi huhesabu kilomita tangu ilipoanza safari, isipokuwa mkataba useme vinginevyo.

Mfano wa hesabu unaonyesha gharama ya kilomita hizo. Ikiwa mkataba unatoa kilomita 50 bila malipo na kutoza shilingi 200 kwa kila kilomita ya ziada, uvutaji wa kilomita 90 utamgharimu mteja shilingi 8,000 kutoka mfukoni. Ikiwa trela linahitaji bredauni ya pili kwa masharti hayohayo na halimo kwenye mkataba, kilomita zote 90 ni za kulipiwa, na gharama ya trela pekee hufika shilingi 18,000.

Kuvuta na kuokoa si jambo moja

Kuvuta ni kulipeleka gari lililosimama barabarani hadi gereji. Kuokoa ni kulitoa mtaroni, kulinyanyua lililopinduka, au kulivuta kutoka kwenye matope. Kazi ya pili huhitaji winchi au kreni, na mikataba ya bei nafuu mara nyingi huitenga.

Bima kamili nayo huwa na kifungu cha gharama ya kuvuta, ila kifungu hicho huwa na kikomo cha fedha na hutumika baada ya ajali, si gari linapoharibika lenyewe. Gari lililozimika injini halitafaidika nacho. Vilevile mikataba ya kawaida ya bima huruhusu gari kulivuta gari moja lililoharibika, kwa sharti kwamba hakuna malipo yanayotolewa, na mali iliyo ndani ya chombo kinachovutwa haikingwi. Mwenye pikapu anayewavutia wengine kwa malipo anatumia gari nje ya masharti ya bima yake.

Lori lenye trela lina ugumu wake. Upepo wa breki ukiisha kwa sababu ya mpira uliopasuka, breki za springi hujifunga na magurudumu hayazunguki hadi upepo urudishwe au breki zifunguliwe kwa spana. Kichwa cha lori kikiharibika huku trela likiwa zima, njia nyepesi ni kuleta kichwa kingine na kuliunganisha. Trela likiharibika huku kichwa kikiwa kizima, shehena huenda ikahamishwa kwanza. Kazi ya kuhamisha shehena na ulinzi wake usiku ni gharama mbili ambazo mikataba mingi ya msaada haizitaji kabisa.

Mambo yanayoondoa haki ya kuhudumiwa

Kubeba kupita kiasi ndilo la kwanza. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, uzito wa juu kabisa wa lori na trela lake ni tani 56 kwa lenye ekseli 7. Ekseli moja ya usukani haipaswi kuzidi tani 8, na ekseli moja yenye magurudumu manne tani 10. Mamlaka ya barabara kuu, KeNHA, husimamia mizani ya Athi River na Mariakani kwenye barabara ya Mombasa. Kwa pikapu na trekta, kipimo ni uzito ambao mtengenezaji ameruhusu gari livute, na huo huandikwa kwenye kitabu cha gari.

La pili ni leseni. Dereva wa lori kubwa lenye trela anahitaji leseni ya daraja la CE. Aliye na daraja la B pekee hana ruhusa hiyo. La tatu ni ubovu uliojulikana kabla ya safari, kama tairi lililolika au taa za trela zisizowaka. La nne ni kubeba watu kwenye trela la mizigo, jambo ambalo mkataba wa msaada haulikingi.

Yanayofaa kuulizwa kabla ya kulipa

Mkataba mzuri hujibu maswali yafuatayo kwa maandishi:

- Je, nambari ya trela imeandikwa pamoja na nambari ya gari?
- Uzito na urefu wa juu unaohudumiwa ni upi, trela likiwa na mzigo?
- Je, gurudumu la akiba la trela lazima liwepo, na nani analibadilisha?
- Huduma inafika barabara za vumbi, na kilomita huhesabiwa kutoka wapi?
- Je, kuokoa kwa winchi kumo, na kikomo chake ni shilingi ngapi?
- Mzigo unapelekwa wapi na kwa gharama ya nani?

Mara nyingi gurudumu la trela halilingani na la gari. Mwenye pikapu aliye na spea moja tu huwa hana spea ya trela, na fundi anayefika bila tairi la saizi hiyo hana la kufanya.

Chombo kinapokwama

Hatua ya kwanza ni kukitoa barabarani kikiwezekana, kuwasha taa za dharura, na kuweka mawe au vizuizi vya magurudumu upande wa mteremko, kwenye gari na kwenye trela. Pembetatu za tahadhari huwekwa angalau mita 50 mbele na nyuma. Penye kona, huwekwa kabla ya kona ili dereva anayekuja azione mapema. Abiria hukaa nje ya barabara, upande wa juu wa mteremko.

Trela halifunguliwi kutoka kwenye gari mlimani kabla ya magurudumu yake kuzuiwa, kwa sababu likifunguliwa hushuka lenyewe. Mawe yaliyotumika huondolewa barabarani baada ya safari kuendelea.

Simu kwa kampuni hutaja nambari zote mbili, uzito wa mzigo, hali ya njia na alama iliyo karibu, kama shule, kanisa au soko. Taarifa hizo humwezesha mhudumu kutuma chombo kinachofaa mara moja. Kukiwa na ajali, polisi hupigiwa kwa 999 au 112, na kampuni ya bima huarifiwa kabla ya magari kuhamishwa hadi gereji, kwa kuwa abstrakti ya polisi huhitajika katika madai.

Mteja asiyeridhika na jinsi kampuni ya bima ilivyoshughulikia madai yake anaweza kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kusimamia Bima, IRA. Mkataba, stakabadhi za malipo na nambari za usajili za gari na trela ndivyo vielelezo vinavyotangulia katika malalamiko hayo, na vinafaa kuwekwa nakala nyumbani na ndani ya gari.