Protini Inapokunjika Vibaya

Somo la wiki hii limetokana na swali. Jumamosi iliyopita, wenzake walipotoka, mwanafunzi mmoja alibaki nyuma akaniuliza kwa sauti ndogo: "Mwalimu, bibi yangu anasahau majina yetu. Nikila naye sahani moja, na mimi nitaugua?" Alikuwa amesikia habari za kichaa cha ng'ombe, na sasa hataki kukaa karibu na bibi yake.

Mimi ni muuguzi, si daktari, lakini swali hilo naweza kulijibu. Tuanze na protini.

Protini ni kama uzi mrefu uliokunjwa. Namna ulivyokunjwa ndiyo inayoupa kazi. Katika ubongo wa kila mmoja wetu kuna protini iitwayo protini ya prioni, na kwa kawaida haina madhara. Shida huanza inapokunjika vibaya, kwa sababu ikigusana na nzima, nayo hukunjika vibaya. Mnakumbuka tulivyokunja mashua za karatasi? Mmoja alikosea, jirani akamwiga, na wa pili yake akaiga pia. Mwishowe meza nzima haikuwa na mashua inayoelea!

Protini zilizoharibika hushikamana zikawa madonge, kama uji usiokorogwa. Seli za ubongo hufa, na ubongo ukitazamwa kwa hadubini una vitundu kama sponji. Mgonjwa hupoteza kumbukumbu, huyumba akitembea, na mara nyingi hufariki kabla ya mwaka kwisha. Tiba bado haijapatikana.

Prioni si bakteria wala virusi. Si kiumbe hai, kwa hiyo antibiotiki haifui dafu mbele yake, na kuchemsha hakutoshi kuiharibu. Mwanasayansi Mmarekani Stanley Prusiner aliipa jina hilo mwaka 1982. Wengi walimpinga, lakini mwaka 1997 alipewa Tuzo ya Nobel.

Kichaa cha ng'ombe kilitambuliwa Uingereza mwaka 1986. Ng'ombe walikuwa wakilishwa unga wa nyama na mifupa ya wanyama wengine, na ugonjwa ukaenea kwa chakula hicho. Mwaka 1989 uligunduliwa hata Oman, waliko ndugu zetu wengi wenye asili ya Zanzibar, kwa ng'ombe wawili walioletwa kutoka Uingereza. Mwaka 1996 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba watu nao walikuwa wameugua, na inaaminika waliupata kwa kula nyama ya ng'ombe wagonjwa. Baadaye vifo huko vilipita 170. Ulishaji ule ulipigwa marufuku, na ugonjwa umepungua sana.

Sasa turudi kwa bibi. Magonjwa ya prioni ni adimu: kila mwaka huwapata mtu mmoja au wawili katika kila watu milioni moja. Usahaulifu wa wazee mara nyingi hutokana na ugonjwa wa Alzheimer. Huko nako kuna madonge ya protini, lakini ni protini nyingine. Huwezi kuupata kwa kumkumbatia bibi, kula naye wala kulala chumba kimoja.

Wazazi, msiseme tu "ni uzee". Upungufu wa vitamini B12, ugonjwa wa tezi ya shingo, au hata dawa anazokunywa mzee vinaweza kumsahaulisha, na hivyo vinatibika. Mpelekeni kliniki. Kule nyumbani wazee wengine wamesingiziwa uchawi kwa sababu ya kusahau tu. Tusiulete ujinga huo hapa Westville.

Msamiati
Donge (madonge): kitu kilichoshikamana, kama katika uji.
Hadubini: chombo cha kuonea vitu vidogo sana.
Adimu: kisichopatikana kwa urahisi.
Kusingizia: kumtia mtu kosa asilolifanya.

Maswali
1. Kwa nini antibiotiki haiwezi kutibu ugonjwa wa prioni?
2. Ng'ombe wa Uingereza waliupataje ugonjwa?
3. Tumia neno "kushikamana" katika sentensi mbili zenye maana tofauti.

Kazi ya nyumbani: kaa karibu na bibi au babu, au mpigie simu, umwombe akusimulie mchezo alioupenda utotoni. Andika sentensi tano. Aliyesahau alichokula asubuhi mara nyingi bado anaukumbuka mchezo huo.