“Mwezi Umetoka”: Nilichojifunza Darasa la Awali Ujiji

Wenzangu mnaojiandaa kwenda fildi, hasa mtakaopangiwa madarasa ya awali, naomba niwaeleze kosa langu mapema ili msilirudie.

Nilipangiwa shule moja ya Ujiji. Kila Jumatatu watoto walisimulia walichofanya mwishoni mwa wiki, nami nikiwa na fomu yangu ya kuwapima: mwanzo, kati, mwisho, na je, mtoto anajieleza mwenyewe? Binti mmoja wa miaka sita akasimama: “Tulienda mwaloni na bibi. Shangazi alikuwepo. Na mama jirani. Mwezi umetoka. Mjomba amelala nyumbani. Tukala ugali na maharage.” Mara tatu nilimkatiza, “Wewe ulifanya nini?” Ya tatu akanyamaza kabisa. Nikampa mbili kwa kumi.

Mwalimu mwenyeji, mama mtu mzima, alicheka. “Mwanangu, mbona amekueleza yote!” Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikikolea, taa hazivuti dagaa, mitumbwi inabaki ufukweni. Basi mjomba kulala nyumbani ndiyo habari yenyewe: hakuna dagaa, hakuna hela, mboga ni maharage. Mimi mtoto wa Dodoma ningejuaje? Binti hakutaja sababu kwa kuwa watu anaowasimulia siku zote wanaijua.

Jambo hili si la Ujiji tu. Mwaka 1981 Sarah Michaels alichapisha utafiti wa darasa la kwanza huko California, Marekani. Watoto weupe walishikilia jambo moja mwanzo hadi mwisho, na maswali ya mwalimu yakawasaidia. Watoto weusi, hasa wasichana, waliunganisha matukio kadhaa bila kutaja kinachoyaunganisha. Mwalimu hakuuona uzi, akawa anawakatiza. Mwaka 1991 Minami na McCabe nao walionyesha watoto wa Kijapani wakisimulia kwa ufupi sana, wakiweka pamoja matukio mawili matatu yanayofanana. Haya niliyasoma chuoni, nikayajibia mtihani, halafu nikaenda Ujiji kufanya kama yule mwalimu wa California.

Lakini tusikimbilie kusema Waha wako hivi, Wamanyema vile. Darasa hilohilo, mtoto wa mwenye duka alianza kila sentensi na “mimi”, na anakaa mtaa mmoja na yule binti. Nadhani kinachowatofautisha ni nani anawasikiliza nyumbani. Bibi aliyekuwepo mwaloni hana haja ya kuuliza mlikwenda wapi. Anaitikia “ehee”, anaongeza kipande chake, habari inakuwa ya wote. Baba aliyeshinda dukani lazima aulize, na mtoto anazoea kumweleza mtu ambaye hakuwepo.

Sisemi tuache kufundisha masimulizi ya shule. Msahihishaji wa mtihani naye hakuwepo mwaloni. Ila hiyo ni stadi ya kufundishwa; mimi niliipima kabla sijaifundisha, tena kwa kalamu nyekundu.

Jumatatu iliyofuata nilikaa mkekani nao. Nikamwambia yule binti, “Mimi sijawahi kufika mwaloni. Mwezi ukitoka, inakuwaje?” Alinitazama kidogo, kama anayemwonea mtu huruma. Kisha akaanza kunieleza, na wenzake wakawa wanamsahihisha habari za taa, mpaka kengele ya uji ikagonga.