Wiki ya Mwakilishi Wadi: Anachofanya, Asichoruhusiwa Kufanya na Jinsi ya Kumfikia

Kila msimu wa mvua ya masika, mitaro inapofurika na majitaka kuingia nyumbani, swali moja husikika Umoja, Kayole, Dandora na Mukuru: mwakilishi wadi wetu yuko wapi? Ni swali la haki. Lakini jibu lake hutegemea siku ya wiki, mwezi wa mwaka na aina ya shida yenyewe. Mkazi anayejua ratiba ya kazi ya mwakilishi wake humpata mapema na kumuuliza lile analoweza kujibu. Asiyeijua huishia kulalamikia mtaro wakati bajeti ya mtaro huo ilishapitishwa bila yeye.

Somo hili linaeleza wiki ya kawaida ya mwakilishi wadi katika Kaunti ya Jiji la Nairobi, mipaka ambayo sheria imemwekea, na hatua ambazo mkazi wa Eastlands anaweza kuchukua ili sauti yake ifike City Hall.

Nani anasimamia nini

Nairobi ina maeneobunge 17 na wadi 85. Kila wadi humchagua mwakilishi mmoja, ambaye wengi humwita MCA, siku ile ile ya uchaguzi mkuu. Eneobunge la Makadara, kwa mfano, lina wadi nne: Maringo/Hamza, Viwandani, Harambee na Makongeni. Embakasi Kaskazini ina tano: Kariobangi Kaskazini, pamoja na Dandora Area I, II, III na IV. Waliochaguliwa huungana katika Bunge la Kaunti na wanachama maalum walioteuliwa ili kutimiza usawa wa jinsia na kuwakilisha makundi kama vijana na watu wenye ulemavu.

Mwakilishi wadi si mbunge. Mbunge huketi katika Bunge la Taifa, na hazina ya NG-CDF ni ya eneobunge lake. Seneta huketi katika Seneti, naye Mwakilishi wa Kike wa kaunti huketi katika Bunge la Taifa. Mwakilishi wadi kazi yake ni mambo ya kaunti, na mambo hayo yameorodheshwa katika Ratiba ya Nne ya Katiba ya 2010: vituo vya afya na hospitali za kaunti kama Pumwani na Mama Lucy Kibaki, barabara za kaunti na taa zake, masoko, leseni za biashara na za vileo, maegesho ya magari, uzoaji taka, maji na majitaka, shule za chekechea, vyuo vya ufundi na huduma za zimamoto.

Vitambulisho, polisi, shule za msingi na za upili, na barabara kuu zinazosimamiwa na mamlaka za kitaifa ziko chini ya Serikali ya Kitaifa. Ukipeleka shida ya kitambulisho kwa mwakilishi wadi, anaweza kukuelekeza njia, lakini hana mamlaka ya kuitatua. Kutambua tofauti hii kunaweza kukuokolea wiki nzima ya kuzunguka.

Kazi tano na makatazo mawili

Kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa mwakilishi wadi kazi tano. Adumishe uhusiano wa karibu na wapigakura na kushauriana nao kuhusu mambo yanayojadiliwa. Awasilishe maoni na mapendekezo yao bungeni. Ahudhurie vikao vya Bunge la Kaunti na vya kamati zake. Awe kiungo kati ya bunge hilo na wakazi kuhusu utoaji wa huduma. Na achangie mijadala kwa taaluma au ujuzi alio nao.

Kifungu hicho hicho kinaweka makatazo mawili ambayo wakazi wengi hawayajui. Mwakilishi wadi haruhusiwi kushiriki katika kazi za utendaji za serikali ya kaunti, wala kutoa huduma kana kwamba yeye ni afisa au mwajiriwa wa kaunti. Kwa maneno mengine, hawezi kumwamuru mhandisi alete tingatinga kesho asubuhi. Hapaswi kuwa mwanakandarasi wa barabara anayotakiwa kuikagua. Na sheria haimwagizi popote kulipa karo, kugharamia mazishi au kutoa pesa katika kila harambee, hata kama desturi imemfanya aonekane hivyo.

Sababu ya makatazo haya ni rahisi kuielewa. Anayejenga barabara hawezi kuwa huyo huyo anayekagua kama imejengwa vizuri. Mahakama ya Juu ilisisitiza kanuni hiyo mwezi Agosti 2022 ilipotangaza kwamba sheria ya CDF ya 2013 ilikiuka Katiba, kwa kuwa iliwaingiza wabunge katika kazi za utendaji.

Kuanzia Jumatatu hadi Jumapili

Hakuna sheria inayopanga wiki ya mwakilishi siku kwa siku, na ratiba hubadilika bunge linapokwenda likizo. Hata hivyo, wiki ya vikao huwa na umbo linalojulikana.

Jumatatu na Ijumaa kwa kawaida ni siku za wadi. Huu ndio wakati wa kuonana na wakazi katika ofisi ya wadi, kutembelea soko au kituo cha afya, na kusikiliza malalamishi ya wapangaji wa nyumba za kaunti katika mitaa kama Maringo, Jericho, Bahati na Kaloleni.

Jumanne hadi Alhamisi ni siku za Bunge la Kaunti. Asubuhi mara nyingi huwa ya kamati, na kikao cha bunge zima hufuata. Kazi ya kina hufanyika katika kamati. Huko ndiko mawaziri wa kaunti na maafisa huitwa kujibu maswali, na Kifungu cha 195 cha Katiba kinazipa kamati uwezo sawa na wa Mahakama Kuu wa kuita mashahidi na kudai stakabadhi. Mwakilishi asiyeonekana wadini Jumatano adhuhuri huenda yuko pale anapopaswa kuwa. Asiyeonekana wadini wala katika kamati ndiye wa kuulizwa.

Katika kikao, mwakilishi ana vyombo vinne mkononi. Cha kwanza ni taarifa: anaomba mwenyekiti wa kamati husika aeleze, kwa mfano, kwa nini taa za barabara fulani hazijawaka. Cha pili ni hoja, inayoliomba bunge kuazimia jambo. Cha tatu ni mswada, ambao husomwa mara ya kwanza, hupelekwa kwa kamati na kwa umma kutoa maoni, husomwa mara ya pili na ya tatu, kisha hupelekwa kwa Gavana. Gavana ana siku 14 kuutia sahihi au kuurudisha pamoja na sababu zake. Cha nne ni ardhilhali, yaani ombi rasmi la maandishi kutoka kwa wakazi wenyewe.

Mwisho wa wiki huwa ni wa mikutano ya mitaa, vikundi vya vijana na kina mama, ibada na mazishi. Huko ndiko mwakilishi huombwa mengi zaidi, na huko ndiko ahadi nyingi hutolewa kwa mdomo bila kuandikwa.

Msimamo wa kisiasa haubadilishi umbo la wiki hii. Wako wawakilishi wahafidhina wa fedha, wanaotaka kaunti itumie kidogo na wanaopinga kila ada mpya. Wako wengine wanaotaka kaunti ikusanye zaidi ili ihudumu zaidi. Wote wawili husoma Mswada ule ule wa Fedha, ambao ndio huweka ada za leseni, vibanda na maegesho. Mama mboga wa Kariobangi anayeona ada ya kibanda imepanda ana haki ya kumuuliza mwakilishi wake, wa mrengo wowote ule: ulisema nini kuhusu kifungu hiki, na ulipiga kura vipi?

Mtaro wa Machi huamuliwa mwaka uliotangulia

Kalenda ya fedha ndiyo sehemu ambayo wakazi hupoteza zaidi kwa kutojua. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe ambazo serikali ya kaunti haina budi kuzifuata:

Kufikia 1 Septemba: Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwasilishwa katika Bunge la Kaunti.

Kufikia 28 Februari: Waraka wa Mkakati wa Fedha huwasilishwa, ukionyesha kila idara itapewa kiasi gani.

Kufikia 30 Aprili: makadirio ya bajeti huwasilishwa.

Kufikia 30 Juni: Bunge la Kaunti huwa limeidhinisha bajeti.

Sasa fuata mfano wa mtaro ulioziba katika mtaa wowote wa Embakasi. Mvua ya masika hunyesha Machi hadi Mei. Mkazi akiandika barua yake ya kwanza wakati maji tayari yako sebuleni mwezi wa Aprili, kaunti inaweza kutuma kikosi cha kuzibua, lakini mtaro mpya hauwezi kuchipuka kutoka kwa bajeti ambayo haikuutaja. Ili ujengwe kabla ya Machi, ni lazima uwe katika bajeti iliyopitishwa Juni ya mwaka uliotangulia, na njia salama ni uwe umetajwa katika mpango wa Septemba kabla ya hapo. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024, yaliyoua watu na kubomoa nyumba Mathare na Mukuru, yalionyesha gharama ya kuchelewa. Wakati wa kuuzungumzia mtaro ni msimu wa kiangazi, vumbi likiwa bado linatimka.

Jinsi ya kuandika ili ujibiwe

Malalamishi ya mdomo husahaulika, lakini barua hubaki kwenye faili. Fuata hatua hizi:

Kwanza, eleza jambo moja kwa barua moja. Taja wadi, barabara au alama inayojulikana, tarehe shida ilipoanza, na idadi ya ploti au nyumba zinazoathirika. Ambatanisha picha ukiweza.

Pili, anza na msimamizi wa wadi. Huyu ni afisa wa kaunti, tofauti na mwakilishi wadi, na ndiye anayeratibu huduma za kila siku mtaani. Taka ambazo hazijazolewa na bomba la majitaka lililopasuka ni mambo ya utendaji. Baki na nakala ya barua iliyopigwa muhuri wa kupokewa.

Tatu, ikiwa hakuna kinachofanyika, peleka nakala hiyo katika ofisi ya mwakilishi wadi na umwombe jambo mahususi: aombe taarifa katika Bunge la Kaunti. Ombi la "tusaidie" ni gumu kulifuatilia. Ombi la taarifa huacha kumbukumbu katika rekodi za bunge.

Nne, mnaweza kuwasilisha ardhilhali. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha maombi kwa mamlaka za umma, na Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinaitaja haki hiyo mbele ya Bunge la Kaunti waziwazi. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi, kwa hivyo usisite kuandika kwa Kiswahili.

Tano, ukihitaji stakabadhi, kama vile mkataba wa barabara inayopita mlangoni kwako, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ya umma inatakiwa kutoa uamuzi kuhusu ombi lako ndani ya siku 21. Habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, muda huo ni saa 48.

Sita, nenda ukajionee. Kifungu cha 196 cha Katiba kinataka vikao vya Bunge la Kaunti na kamati zake viwe wazi kwa umma, na umma hauwezi kufungiwa nje isipokuwa kwa sababu za kipekee anazozitambua Spika. Beba kitambulisho, uliza kuhusu shughuli za siku hiyo, na uketi usikilize.

Kumpima mwakilishi kwa haki

Mwakilishi wadi hapimwi kwa idadi ya mahema ya mazishi aliyoketi chini yake wala kwa noti alizotoa. Hapimwi pia kwa barabara peke yake, kwa kuwa kujenga si kazi yake. Kikundi cha mtaa, kamati ya soko au chama cha wapangaji kinaweza kumwalika na kumuuliza maswali matano haya, na kuandika majibu yake:

1. Uko katika kamati zipi, na umehudhuria vikao vingapi mwaka huu?

2. Umeomba taarifa gani kuhusu wadi yetu, na zilijibiwa vipi?

3. Ni miradi ipi ya wadi yetu imo katika bajeti ya mwaka huu, na kwa kiasi gani cha pesa?

4. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ilisema nini kuhusu miradi ya kaunti, na kamati yako ilichukua hatua gani?

5. Ni lini na wapi wakazi wanaweza kukuona kila wiki?

Mwakilishi mchapakazi atayafurahia maswali haya, maana yanamwondolea mzigo wa kuombwa yale ambayo sheria haimruhusu kutoa. Anayeyakwepa atakuwa amejibu kwa njia nyingine.

Kabla ya mwezi huu kuisha, waulize majirani zako watatu kama wanajua ofisi ya mwakilishi wadi wenu iko wapi na hufunguliwa siku gani. Ikiwa hakuna anayejua, tafuteni jibu hilo kwanza. Kisha andikeni barua ya mtaro wenu mapema, kabla mvua haijaanza.