Mapinduzi ya Wanadamu na Juma la Mungu

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Kut. 5:1-9; Kum. 5:12-15, Dan. 1:8-16, Dan. 2:20, 21, Dan. 7:25, Mdo. 5:27-29, Yak. 5:1-4.

Fungu la Kukariri: Danieli 2:21. Lisome katika Biblia yako kila asubuhi, hata uweze kulisema bila kuangalia.

Watoto wetu hujifunza shuleni kwamba ulimwengu wa leo ulizaliwa na mapinduzi: ya siasa, ya utamaduni na ya uchumi. Wafalme waliondolewa, mashine zikachukua nafasi ya mikono, na mawazo ya kale yakawekwa kando. Lakini liko jambo moja ambalo historia hulipita haraka. Zaidi ya mara moja, waliotaka kuujenga ulimwengu upya waliligusa juma la siku saba. Juma hili tutaona walifanya nini, kwa nini walishindwa, na jambo hilo linatudai nini sisi tunaoitunza Sabato.

JUMAPILI: Mavuno ya Jeuri

Mwaka 1685 Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alifuta amri iliyowapa Waprotestanti haki ya kuabudu. Maelfu walikimbia nchi; waliobaki walikutana kwa siri. Zaidi ya miaka 100 ilipita kabla ya amri ya mwaka 1787 kuwaruhusu kuandikisha ndoa zao na watoto wao kisheria. Kwa muda wote huo kiti cha enzi na madhabahu vilitembea pamoja, na kanisa lilikuwa na ardhi nyingi huku mkulima akilemewa na kodi.

Mwaka 1789 watu walichoka. Tarehe 14 Julai gereza la Bastille lilianguka, na tarehe 26 Agosti likapitishwa Tangazo la Haki za Binadamu, lililosema kwamba mtu asisumbuliwe kwa sababu ya maoni yake ya dini. Hilo lilikuwa jema, nasi tunaoabudu kwa uhuru tusilidharau. Mwaka 1794 utumwa ulifutwa katika makoloni ya Ufaransa, ingawa Napoleon aliurudisha mwaka 1802.

Soma Yakobo 5:1-4. Kilio cha maskini humfikia nani? Kwa nini watu walioumizwa kwa jina la Mungu huweza kumkataa Mungu mwenyewe?

JUMATATU: Juma la Siku Kumi

Uhuru ule haukudumu. Mfalme aliuawa Januari 1793, na vitisho vikaanza. Watu wapatao 17,000 walihukumiwa kifo rasmi, mbali na waliofia magerezani. Novemba mwaka huo kanisa kuu la Notre-Dame mjini Paris lilifanyiwa sherehe ya Akili ya Mwanadamu.

Wakati huohuo serikali ilileta kalenda mpya. Miaka ilianza kuhesabiwa tangu jamhuri ilipotangazwa Septemba 1792, si tangu kuzaliwa kwa Kristo. Kila mwezi ulikuwa na siku 30, zilizogawanywa katika majuma matatu ya siku kumi kumi. Jumapili iliondolewa, na siku ya kumi ikawa ya mapumziko. Mfanyakazi aliyekuwa akipumzika siku moja katika saba, sasa alingoja hadi ya kumi.

Sisi Waadventista tunaujua mwaka 1798, ambapo majeshi ya Ufaransa yalimchukua mateka Papa Pio VI. Mwaka huohuo serikali ilitunga sheria kali zaidi za kuwalazimisha watu kuadhimisha siku ya kumi. Hata hivyo, vijijini watu waliendelea kuhesabu siku saba. Kalenda hiyo ilikoma rasmi tarehe 1 Januari 1806.

Soma Danieli 7:25 na Danieli 2:20, 21. Ni nani mwenye haki ya kubadili majira? Angalia kwamba serikali iliyolipinga kanisa la Roma nayo ilichukua madaraka juu ya siku ya ibada. Kulazimisha dhamiri si kosa la upande mmoja tu.

JUMANNE: Kengele ya Kiwanda

Nchini Uingereza mapinduzi yalikuja bila kumwua mfalme. James Watt alipata hataza ya injini yake ya mvuke mwaka 1769. Zamani mfumaji alifanya kazi nyumbani, akapumzika alipochoka. Kiwandani kengele ndiyo iliyotawala, kwa sababu mashine haichoki. Hata watoto wadogo walifanya kazi tangu alfajiri hadi usiku.

Mapinduzi hayo yalileta baraka pia. Mashine za kupiga chapa zilifanya Biblia ziwe nyingi, na meli za mvuke na reli ziliwafikisha wamisionari mbali. Lakini ilibidi sheria iingilie kati. Ile ya mwaka 1833 ilikataza viwanda vingi vya nguo kuajiri watoto wa chini ya miaka 9. Ya mwaka 1847 ilileta saa kumi za kazi kwa wanawake na vijana. Mkristo aliyeitwa Lord Ashley alipigania sheria hizo kwa miaka mingi.

Soma Kutoka 5:1-9. Farao alikasirishwa na nini hasa? Kisha soma Kumbukumbu la Torati 5:12-15. Orodhesha wote wanaotajwa kuwa wapumzike. Kwa nini Israeli wanakumbushwa Misri mahali hapo?

JUMATANO: Mashine Zisizolala

Mwaka 1929 serikali ya Urusi ya Kisovieti ilianzisha juma la siku tano. Wafanyakazi waligawanywa katika makundi matano, kila kundi na siku yake ya kupumzika, ili viwanda visisimame kamwe. Ilitakiwa uzalishaji uongezeke na ibada ififie. Lakini mume alipumzika siku yake na mke siku nyingine, hata familia hazikuweza kukaa pamoja. Mashine nazo ziliharibika kwa kukosa matengenezo. Mwaka 1931 juma likawa la siku sita. Mwaka 1940 likarudi kuwa la siku saba.

Wenye nguvu walijaribu siku kumi, siku tano, siku sita. Mwezi na mwaka huonekana angani, lakini juma halina alama mbinguni wala duniani. Tunalipata katika neno la Muumba tu.

Soma Mwanzo 2:1-3. Tofauti ya pumziko la mashine na pumziko la Sabato ni nini?

ALHAMISI: Danieli Mbele ya Msimamizi

Kijana mmoja wa kanisa tulilokuwa nalo alipangiwa zamu ya Ijumaa usiku kiwandani. Alimwendea msimamizi kwa adabu, akajitolea kufanya kazi Jumapili zote na sikukuu. Alikataliwa, akapoteza kazi. Sabato iliyofuata tulimpa mikono, tukamsifu mbele ya kanisa. Tulimchangia kodi ya chumba miezi miwili, kisha tukasahau. Siku moja aliniambia, "Mzee, sikujuta kwa ajili ya Sabato. Nilichoumia ni kwamba mliimba nami, halafu mkaniacha." Sikuwa na jibu.

Soma Danieli 1:8-16 na Matendo 5:27-29. Danieli aliomba kwa heshima, akapendekeza njia, na alikuwa na wenzake watatu. Mtume alikataa kwa uwazi, lakini bila upanga. Je, anayesimama leo katika kanisa lenu anao wenzake?

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Mapinduzi ya siku zetu yamo mfukoni. Simu huleta kazi Ijumaa baada ya jua kuzama, wala hakuna kengele inayosema mwisho wa zamu. Tunawaomba waajiri watuheshimu, nasi tunafanya vyema. Lakini amri inamtaja pia mtumishi aliye ndani ya malango yetu. Dada wa kazi anayebaki jikoni ili sisi tuwahi Shule ya Sabato, yeye amepata siku gani?

Maswali ya Kujadili:

1. Ufaransa ilitangaza uhuru wa dini mwaka 1789, na baada ya miaka minne ikafunga makanisa. Uhuru wa dhamiri hulindwaje kila serikali inapobadilika?

2. Je, Mkristo anaweza kushukuru kwa mema yaliyoletwa na mapinduzi bila kukubali umwagaji wa damu? Toeni sababu kutoka katika Maandiko.

3. Darasa lenu litafanya nini, kwa jina na kwa kiasi, kwa ajili ya mshiriki aliyepoteza kazi au mtihani kwa sababu ya Sabato? Amueni kabla ya kufunga kwa sala.