Marafiki wa kizuizini

Swali: Natoka Kigali kila Jumamosi kufundisha kandanda kwa kujitolea katika kituo cha wakimbizi cha Gashora, Bugesera. Vijana watatu waliotoka vizuizini Libya hawakubali kutenganishwa, hata kwenye timu. Niwalazimishe?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Tangu Septemba 2019, kundi la kwanza la watu 66 lilipowasili kutoka Libya, Gashora imepokea watoto wengi waliokuja bila wazazi, wenyeji wa Somalia, Eritrea na Sudan. Kule kizuizini, rafiki ndiye uliyegawana naye chakula na kulala naye bega kwa bega. Kwa mtoto kama huyo, huyo ndiye jamaa aliyebaki. Waache wacheze timu moja, wengine uwaongeze taratibu.

Mimi naogopa zaidi kuagana. Gashora ni kituo cha kupitia tu: mmoja ataitwa Kanada, mwingine Sweden, wa tatu abaki akisubiri. Usimdanganye kwamba watakutana karibuni. Wabadilishane namba mapema, na anayebaki mpe kazi uwanjani wiki hiyohiyo, hata ya kubeba mipira. Akikosa usingizi au akinyamaza kabisa, mwone mshauri wa kituoni. Hilo limempita kocha.