SOMO: Hesabu Kabla ya Kutoa – Kubadilisha Fedha Unapovuka Mpaka

Weka daftari na kalamu karibu, kwa sababu leo tutahesabu.

Sisi wa Kiboriloni tunakaa kando ya barabara kuu. Ukipanda gari kuelekea mashariki, unapita Uchira, unafika Himo, halafu Holili. Hapo Tanzania inaishia. Ng'ambo ni Taveta, nchi ya Kenya. Kwa macho huoni tofauti kubwa. Mlima ni uleule, na Kiswahili kinasemwa huku na kule. Lakini kitu kimoja kimebadilika: pesa iliyo mfukoni mwako.

Wengi wetu huvuka mpaka huo. Wako wanaopeleka vitunguu na maharage kwenye soko la Taveta. Wako wanaokwenda kuona ndugu. Wako wanaoendelea hadi Mombasa au Nairobi kwa biashara au matibabu. Wote hao hubadilisha fedha, na wengi hupoteza bila kujua wamepotezea wapi. Somo hili ni la kutusaidia tusipoteze.

KISA CHA JIRANI YETU

Jirani yetu mmoja aliuza vitunguu vyake ng'ambo. Akapata shilingi 30,000 za Kenya. Siku hiyo duka la kubadilishia fedha lilikuwa linanunua shilingi moja ya Kenya kwa shilingi 19 za Tanzania. Kwa hiyo dukani angepata:

30,000 × 19 = sh. 570,000/=

Kabla hajafika dukani akakutana na kijana njiani, mwenye mkoba kiunoni. Kijana akasema, "Mama, ya nini kupanga foleni? Dukani wanakupa 19. Mimi nakupa 20. Tufanye haraka, gari lako linaondoka."

Mama akapiga hesabu kichwani: 30,000 × 20 = sh. 600,000/=. Faida ya sh. 30,000/= bila jasho! Akakubali.

Kijana akampa noti za shilingi elfu kumi kumi. Mama akahesabu, akakuta noti 59. Akasema, "Imepungua moja." Kijana akaomba radhi sana. Akachukua zile noti zote, akaongeza moja mbele ya macho ya mama, akazikunja, akamrudishia. Mama akazitia kwenye kanga, akakimbilia gari.

Alipofika nyumbani alihesabu tena. Noti zilikuwa 51. Yaani sh. 510,000/=. Yule kijana aliongeza noti moja kwa mkono wa kulia, akachomoa tisa kwa mkono wa kushoto.

Tazama hesabu ilivyo. Mama alifuata faida ya sh. 30,000/=. Akapata hasara ya sh. 60,000/= kuliko ambavyo angepata dukani. Hizo ndizo alizokuwa amepanga kununulia sare za watoto. Watoto wakaenda shule na sare za mwaka uliopita.

Je, mama hakujua kuhesabu? Alijua. Alihesabu vizuri na akaona upungufu. Kosa lake ni kwamba hakuhesabu tena baada ya fedha kurudi mkononi mwa yule kijana. Tuandike kanuni hii kwenye daftari: KILA FEDHA INAPORUDI MKONONI MWA MWENZAKO, HESABU UPYA TANGU MOJA.

KWA NINI SHILINGI HIZI SI SAWA?

Wengine huuliza: shilingi ni shilingi, kwa nini moja ya Kenya iwe kama 20 za kwetu?

Zamani ilikuwa fedha moja. Tangu mwaka 1921 Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki. Mtu wa Kiboriloni alikwenda Mombasa na pesa ileile aliyouzia kahawa yake. Baada ya uhuru kila nchi ilianzisha benki kuu yake. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa tarehe 14 Juni, 1966, na shilingi yetu ikatoka mwaka huohuo. Mwanzoni shilingi ya Tanzania, ya Kenya na ya Uganda zilikuwa na thamani sawa, moja kwa moja.

Baadaye kila shilingi ikashika njia yake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Wazee wetu wanakumbuka miaka ile. Kubadilisha fedha nje ya benki kulikuwa ni magendo, na aliyekamatwa aliona cha moto. Maduka ya kubadilishia fedha yaliruhusiwa nchini mwetu mwaka 1992.

Mwaka 2013 nchi za Jumuiya mpya zilitia sahihi mkataba wa kuwa tena na fedha moja. Lengo lilikuwa mwaka 2024. Mwaka huo ulipita na fedha hiyo haikupatikana. Kwa hiyo kuhesabu bado kunatuhusu.

Bei ya fedha ni kama bei ya nyanya. Nyanya zikiwa nyingi sokoni, bei inashuka. Zikiadimika, inapanda. Fedha ya kigeni ikitafutwa na wengi huku iliyopo ni kidogo, bei yake inapanda. Mwaka 2023 dola ziliadimika hapa nchini, na waliozihitaji walizinunua kwa bei kubwa. Ndiyo sababu bei ya wiki iliyopita si ya kutegemea. Uliza bei ya leo.

KUSOMA UBAO

Dukani au benki utaona ubao wenye majina ya fedha na tarakimu mbili mbili. Tuseme leo ubao unasema hivi:

Shilingi ya Kenya: KUNUNUA 19 – KUUZA 20

Hapa wengi huchanganyikiwa. Anayenunua ni nani, na anayeuza ni nani? Jibu ni hili: ubao unasema maneno ya mwenye duka, siyo yako. Yeye ananunua shilingi ya Kenya kutoka kwako kwa 19. Yeye anakuuzia shilingi ya Kenya kwa 20. Katikati pana shilingi moja. Hiyo ndiyo faida yake, na ndiyo inayomlipia pango na mishahara. Siyo wizi. Ni biashara kama yako ya vitunguu. Ila lazima uijue.

Kama ubao umeandikwa kwa Kiingereza usione haya. Shika hivi: kwa upande wetu wa Tanzania, ukitoa fedha ya kigeni utapewa kwa ile tarakimu NDOGO. Ukitaka fedha ya kigeni utatozwa kwa ile tarakimu KUBWA.

Ukiwa upande wa Kenya ubao unaweza kuwa umeandikwa namna nyingine. Kwa hiyo popote ulipo, uliza swali moja tu: "Nikikupa hizi, nitapata ngapi mkononi, baada ya makato yote?" Jibu lake lilinganishe na hesabu iliyo kwenye daftari lako.

HAYA, TUHESABU

Kutoka fedha ya Kenya kwenda ya Tanzania: ZIDISHA.
Kutoka fedha ya Tanzania kwenda ya Kenya: GAWANYA.

Mfano wa kwanza. Una sh. 400,000/= za Tanzania, unataka za Kenya. Duka linakuuzia kwa 20.
400,000 ÷ 20 = 20,000 za Kenya.

Mfano wa pili. Umefika ng'ambo, ukakuta bidhaa uliyofuata haipo. Umerudi na zile 20,000 zote. Duka linanunua kwa 19.
20,000 × 19 = sh. 380,000/=.

Umeondoka na 400,000, umerudi na 380,000. Hujanunua hata ndizi moja, na sh. 20,000/= zimekwenda. Hakuna aliyekuibia. Umebadilisha mara mbili, umelipa mara mbili.

Basi usibadilishe fedha zote kwa mara moja kama huna hakika ya matumizi. Kadiria nauli, chakula, malazi na bidhaa. Badilisha kiasi hicho na akiba kidogo. Na kama utarudi Taveta juma lijalo, zile shilingi za Kenya zilizobaki zitunze kwa safari hiyo.

Lakini usizitunze miaka! Sasa tueleze sababu.

NOTI ZILIZOKUFA

Tarehe 1 Juni, 2019 Kenya ilitoa noti mpya. Benki kuu yake ikatangaza kwamba noti zote za zamani za shilingi 1,000 zitakoma kutumika tarehe 30 Septemba, 2019. Miezi minne tu. Siku iliyofuata noti ya zamani ya elfu moja ilikuwa karatasi.

Watu wa mpakani huweka shilingi za Kenya ndani ya sanduku au chini ya godoro. Aliyekuwa na noti 20 za namna hiyo, akachelewa kusikia habari, alipoteza shilingi 20,000 za Kenya. Kwa bei ya mfano wetu ni sh. 380,000/=. Moto haukuziunguza, mwizi hakuzichukua. Zilikufa zikiwa zimelala.

Noti mpya za Kenya zina picha ya jengo refu la mikutano la Nairobi. Ukipewa noti ya elfu moja yenye picha kubwa ya uso wa rais, irudishe papo hapo.

Hata kwetu jambo hili limetokea. Benki Kuu ya Tanzania iliondoa noti zilizotolewa kati ya mwaka 1985 na 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Muda wa kuzibadilisha ulikuwa kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili, 2025. Kwa hiyo mwenye kutunza noti nyumbani asikilize redio.

DOLA ZA WATALII

Vijana wetu wanaobeba mizigo ya watalii Mlima Kilimanjaro wakati mwingine hupewa bakshishi ya dola za Marekani. Vijana, zitazameni mbele ya mgeni kabla hajaondoka. Noti iliyochanika, iliyoandikwa kalamu au ya toleo la zamani hukataliwa na maduka mengi, au hununuliwa kwa bei ya chini. Pia noti ndogo ndogo za dola mara nyingi hupewa bei ndogo kuliko ile ya dola 50 au 100. Tena mjue kwamba tangu mwishoni mwa Machi, 2025 kanuni zimekataza kutoza bei za bidhaa na huduma kwa fedha za kigeni hapa nchini. Badilisheni kwanza, kisha mwende dukani.

MAMBO SABA YA KUSHIKA

1. Uliza bei ya leo kabla ya kusafiri. Uliza benki na dukani, mahali pawili au patatu.
2. Fanya hesabu yako kwenye daftari kabla ya kufika dirishani.
3. Badilisha benki au duka lenye leseni. Wa njiani akikuahidi bei nzuri kuliko wote, jiulize faida yake anaipata wapi.
4. Usikubali kuharakishwa. Gari likikuacha, jingine lipo.
5. Hesabu noti mbele ya aliyekupa, kabla ya kuondoka dirishani. Zikirudi kwake, hesabu upya.
6. Dai risiti na uitunze. Bila risiti huna pa kuanzia malalamiko.
7. Ukituma fedha Kenya kwa simu, soma kwanza kiasi atakachopokea mwenzako na makato yake, ndipo uweke namba ya siri.

Na mwenye kubeba fedha nyingi zinazofikia thamani ya dola 10,000 au zaidi, sheria inamtaka atoe taarifa kwa watu wa forodha hapo mpakani.

MANENO YA SOMO

Fedha za kigeni: fedha za nchi nyingine.
Bei ya kununua: bei ambayo duka linakupa likichukua fedha yako ya kigeni.
Bei ya kuuza: bei ambayo duka linakutoza likikupa fedha ya kigeni.
Makato: fedha inayopunguzwa kama malipo ya huduma.

MASWALI

Fanyeni peke yenu kwanza, kisha mjadiliane katika kikundi. Tumieni ubao wetu: kununua 19, kuuza 20.

1. Umeuza maharage Taveta, umepata shilingi 15,000 za Kenya. Dukani utapata shilingi ngapi za Tanzania?
2. Unakwenda Mombasa na unahitaji shilingi 13,000 za Kenya. Utatoa shilingi ngapi za Tanzania?
3. Mtu wa njiani anakupa 21 wakati duka linatoa 19. Mwenzako anataka kukubali. Utamshauri nini?
4. Nani katika kikundi chenu ana fedha za kigeni nyumbani? Je, amehakikisha kwamba bado zinatumika?

Majibu ya hesabu: (1) 15,000 × 19 = sh. 285,000/=. (2) 13,000 × 20 = sh. 260,000/=.

Jirani yetu bado anapeleka vitunguu ng'ambo. Siku hizi ana daftari dogo ndani ya kapu. Akifika dirishani anafungua daftari kwanza, ndipo anafungua pindo la kanga. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Sisi tuliojifunza kusoma na kuhesabu tuna daftari na tuna kalamu. Tuzitumie.